Nimeondoka kwake lakini mwili bado unamsubiri. Waliopita hapa, mliponaje?

cherehani_kahama

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mnisome hadi mwisho, nimeandika kwa urefu kwa sababu sina wa kumwambia yote.

Nilikuwa najua usiku utakuwaje kwa namna anavyozima pikipiki. Akiizima taratibu na kuita jina la mtoto, tunakula vizuri. Akiizima ghafla na kubamiza geti, binti yangu mwenyewe anachukua daftari lake la kuchorea anahamia chumbani. Ana miaka mitano. Hakuna aliyemfundisha.

Tuliishi Mwanza. Mimi nina fremu ya ushonaji, yeye anauza spea za pikipiki. Ndoa hatukufunga. Alileta posa na sehemu ya mahari nyumbani, sherehe ikawa ya kuahirishwa kila mwaka. Lakini mtaani tunajulikana ni mume na mke, hata kwenye daftari la kikundi chetu cha kufa na kuzikana nimeandikwa mke wake.

Kila ninayemweleza huuliza kwanza, "Amekupiga?" Hanipigi. Mara moja alinisukuma nikagonga kabati, bega likavimba. Mengine yote ni mdomo na vitu. Sahani ya ugali ukutani. Simu yangu ndani ya ndoo ya maji. Gauni la mteja alilichana mbele yangu kwa sababu nilichelewa kurudi siku niliyokwenda kumvalisha bibi harusi, na kitambaa nikakilipa mimi kwa hela ya ada. Akimaliza anasema, "Unaona unavyonifanya niwe?"

Halafu kuna kununa. Anaweza kukaa wiki nzima hanisemeshi, anamtuma mtoto: "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Mtoto amesimama katikati yetu, meza moja, ananiambia chumvi imezidi. Mimi huku nazunguka nyumba natafuta nimekosa nini, mwisho naomba msamaha kwa kosa ambalo sijui hata jina lake.

Kisha asubuhi moja anaamka mtu mwingine. Analia machozi ya kweli, ananishika miguu, anasema baba yake alimlea kwa fimbo na hajui kupenda vizuri, nisimwache. Anakwenda mwaloni ananunua sato mkubwa, anapika yeye, anafua mpaka nguo za mtoto. Jamani, siku zile sijaona mwanaume mwema kama yule. Na ndizo zinazonitesa sasa.

Kilichonitoa si kikubwa kuliko vingine. Tulikuwa tunacheka na binti yangu, mbuzi wa jirani ameingia jikoni akala mchicha wote. Mtoto akaniziba mdomo kwa kiganja: "Mama usicheke, baba atasikia." Baba yake alikuwa Geita siku hiyo. Hayupo, na bado tunamwogopa ndani ya kicheko chetu wenyewe. Usiku ule sikulala. Siku chache baadaye, akiwa safarini tena, nilichukua cheti cha mtoto, kadi yake ya kliniki, kitambulisho changu cha NIDA na cherehani moja ndogo, nikapanda basi Nyegezi mpaka Kahama kwa mama mkubwa. Mashine nyingine zimebaki kwenye fremu, pamoja na ya ovaloki niliyoinunua kwa mkopo wa kikundi.

Sasa nipo salama, nakula, mtoto anacheka kwa sauti. Lakini mimi nasikia pikipiki yoyote barabarani moyo unapiga. Saa moja jioni mikono inatetemeka bila sababu. Na kibaya zaidi, namkumbuka. Usiku natafuta simu nione kama ameandika. Alianza na matusi, akaja na kulia, juzi ametuma picha ya viatu vya mtoto alivyoviacha mlangoni. Nililia mpaka mama mkubwa akaninyang'anya simu.

Mjomba anasema wazee wa pande zote wamekubaliana kikao Jumamosi, turudishwe pamoja.

Naombeni waliopita hapa: hii hamu ya kurudi inaisha? Inaisha vipi? Na kwa kuwa hakuna cheti cha ndoa wala kipigo cha kuonyesha, nina haki yoyote juu ya mashine zangu na mtoto wangu?

---

mzee_mwenza

Binti, pole. Lakini nyumba haijengwi kwa kukimbia. Mwanaume anayelia miguuni kwa mwanamke anampenda, wengi wetu hatuwezi hilo. Hasira zinatulia na umri. Umemtoa mtoto kwa baba yake kwa sababu ya kununa na maneno? Nenda kikaoni, wazee wamkanye, alipe faini kama ni desturi yenu, mrudi mlee mtoto.

---

mama_wawili_iringa

Shikamoo mzee wangu. Nakujibu kwa heshima kwa sababu maneno hayo niliambiwa na watu walionipenda, wala hawakuwa na nia mbaya. Mimi nimekalishwa vikao hivyo. Kila kikao yeye alikuwa mpole kuliko wote pale sebuleni, akakiri, akaahidi, wazee wakaridhika, tukala wali. Nilipofika nyumbani niliadhibiwa kwa kumwaibisha mbele ya watu. Kikao kinamkanya mtu aliyepo kikaoni. Yule wa usiku haji kikaoni. Na mtoto anayemziba mama yake mdomo asicheke, mzee wangu, hilo si jambo la maneno tu.

Mdogo wangu, sasa nije kwako.

Hamu inaisha. Sitakudanganya kwamba inaisha upesi. Mimi miezi ya mwanzo nilikuwa kwa dada yangu Mafinga, na kitu kilichonitisha kuliko vyote kilikuwa utulivu. Nyumba imetulia, watu wanaongea kawaida, mimi tumbo limekaza nasubiri kitakachovunjika. Nilikuwa namwomba dada ruhusa ya kununua vocha. Akiniuliza tupike nini leo, nakosa jibu, kwa sababu miaka yote nilikuwa napika kulingana na sura ya mtu. Dada hakunisukuma. Alikuwa anasema, "Kaa, ukijua utaniambia," anaendelea kuchambua mboga zake. Siku niliyosema "leo nataka makande" alifurahi mpaka nikashangaa.

Kuhusu kumkumbuka: usijilazimishe kumchukia. Watu watakwambia mfute, mtukane, choma picha. Mimi nilijaribu kuchukia, nikishindwa nikadhani basi bado nampenda na lazima nirudi. Yule wa sato alikuwepo kweli, hukumwota. Lakini ni mtu mmoja na yule wa sahani ukutani, na huwezi kuishi na mmoja ukamwacha mwingine getini. Mlilie huyo mwema kama unavyolilia msiba, kwa sababu ni msiba.

Kilichonisaidia kwa mikono ni daftari. Niliandika kila tukio ninalolikumbuka: tarehe kama naikumbuka, nilikuwa nimevaa nini, alisema maneno gani hasa, mtoto alikuwa wapi. Bila kupamba. Ikija ile ya usiku, ya kutafuta simu, nasoma ukurasa mmoja kwanza. Mara nyingi simu ilibaki pale pale. Wewe tayari umeandika ukurasa wa kwanza hapo juu, unakili kwenye daftari kabla haujapotea. Siku moja utakuja kukusaidia hata mbele ya watu wa sheria.

Halafu lipo moja ambalo sikuambiwa na mtu. Baadaye sana nilimpata mwanaume mtulivu. Nilimwona hana upendo! Nimechelewa kurudi, yeye ananiuliza kama nimekula. Nikawa namchokoza nione atalipuka lini. Ilichukua muda mwili wangu kukubali kwamba mtu anaweza kukupenda bila kukutisha. Kwa hiyo usikimbilie mwingine wa kukufuta machozi. Kaa kwanza na huyo binti yako, mcheke.

---

nesi_dodoma

Dada, pole sana. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi na wagonjwa wa afya ya akili. Unauliza kwa nini unamkumbuka mtu aliyekuumiza, na naona unajilaumu kimyakimya. Hujapungukiwa akili.

Mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitwa B. F. Skinner alifanya majaribio na njiwa wanaodonoa kitufe wapate punje. Njiwa aliyezoea kupata punje kwa kila mdono, punje zikikatika, huacha mapema. Aliyekuwa anapewa bila mpangilio, leo anapata, kesho hapati, huendelea kudonoa muda mrefu sana hata pasipo na punje. Wema usiotabirika hufunga kuliko wema wa kila siku. Mwenzio angekuwa mbaya siku zote ungeondoka zamani. Ni zile siku za sato zilizokushikilia, na hamu hiyo itarudi kila anapotuma ujumbe, maana kila ujumbe ni punje. Kwa hiyo kila ukijibu, hata kwa kumtukana, unaanza upya. Mama mkubwa amefanya vyema kuchukua simu usiku. Mwachie.

Kushtuka kwa pikipiki na kutetemeka jioni ni mwili uliokaa kwenye tahadhari muda mrefu, na saa moja jioni nadhani ndiyo saa aliyokuwa anarudi. Panga saa hiyo iwe na kazi ya mikono na watu: msuke mtoto, pepeta mchele na mama mkubwa, nenda dukani. Pumua ukiivuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Kahawa na majani ya chai makali jioni acha kwa sasa.

Lakini usingizi ukikataa kwa wiki kadhaa, chakula kisipopita, au ukianza kuwaza kwamba heri usingekuwepo, usikae nyumbani ukivumilia. Nenda hospitali, sema wazi kwamba ni mambo ya akili na unataka kuonana na mshauri. Hospitali nyingi za wilaya na mkoa zina ofisi ya ustawi wa jamii, na baadhi zina kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakuhudumia sehemu moja.

Na mtoto: mwambie kwa maneno mafupi kwamba hasira za baba si kosa lake, na kucheka kunaruhusiwa. Mwambie mara nyingi, mara moja haitoshi.

---

wakili_kijana

Nijibu upande wa sheria, kwa Tanzania.

Usiseme huna haki kwa sababu huna cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kuwa mume na mke, inachukuliwa kuwa ni wanandoa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Akithibitisha vinginevyo, kwa mfano kwamba tayari alikuwa na ndoa nyingine, mahakama bado inaweza kuamuru matunzo yako na ya mtoto. Lile daftari la kufa na kuzikana uliloandikwa mke wake ni ushahidi mzuri, litunze. Na mahari kutokumalizika hakuharamishi ndoa.

Umesema "hakuna kipigo". Sheria hiyo hiyo, inapotaja mambo yanayoonyesha kwamba ndoa imevunjika, inataja ukatili wa mwili au wa akili, dhidi yako au dhidi ya watoto. Wa akili umo, umeandikwa tangu 1971. Hata hilo la kabati si dogo: sheria inasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga.

Mali: kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango. Wewe zaidi ya hapo una ile mashine ya ovaloki uliyoinunua kwa mkopo wa kikundi. Muombe katibu wa kikundi nakala ya kumbukumbu za mkopo na marejesho. Tafuta risiti, picha za mashine ziwe na tarehe, na wateja wanaojua fremu ni ya nani.

Mtoto: chini ya miaka saba sheria inaanzia kwenye dhana kwamba ni vyema akae na mama, ingawa mahakama itaangalia maslahi ya mtoto.

Sasa kikao cha Jumamosi. Hicho ni cha ukoo, hakina nguvu ya kukulazimisha kurudi, na huna kosa usipokwenda. Kisheria kuna Baraza la Usuluhishi la Ndoa, lipo ngazi ya kata, na dini zina mabaraza yao. Kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka bila hati ya baraza kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Watu wengi wanachanganya viwili hivi: wanakaa vikao vya ukoo miaka, halafu wakifika mahakamani hawana karatasi.

Akianza kutishia au kukufuata, nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, ueleze, uchukue namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ukiwa na jeraha chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Usiende kuchukua mashine peke yako. Kwa wengi, wakati wa hatari zaidi ni huu wa baada ya kuondoka, hasa akigundua kwamba safari hii hurudi. Nenda na askari wa dawati au mtendaji wa mtaa na ndugu wawili wanaume, mchana. Gharama zikikushinda, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bure, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

Na piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Badilisha namba ya siri ya pesa za simu leo.

---

bahari_ya_likoni

Dadangu, pole. Niko Mombasa, ni mwanamume, na aliyekuwa akivunja vyombo nyumbani kwetu ni mke. Nilikuwa nikikaa msikitini baada ya isha mpaka wafunge, kwa kuogopa kurudi. Ukimweleza mtu anacheka, ati mwanamume mzima. Kwa hiyo nilinyamaza.

Huku Kenya ipo sheria ya 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani, nayo inahesabu matusi na mateso ya kisaikolojia, haimbagui mwanamume. Namba ya 1195 hupokea simu bila malipo. Nasema haya kwa ndugu zangu wanaume wanaosoma hapa kimya.

Kuhusu hamu: mimi ilinijia zaidi siku za furaha kuliko za huzuni. Idi ya kwanza niko peke yangu nilikaribia kumpigia simu. Nikampigia mamangu badala yake, tukaongea mpaka usingizi ukaja. Jitayarishie sikukuu mapema, ujue utakuwa na nani.

---

mzee_mwenza

Nimesoma. Sikuwa nimelipima lile la mtoto kuziba mdomo. Binti, kama hutakwenda kikaoni tuma mtu mzima aende kwa niaba yako aseme, usiwaache wazee bila neno.

---

cherehani_kahama

Nimerudi. Nimesoma yote, mengine nimemsomea mama mkubwa kwa sauti. Asante mzee wangu kwa kurudi, nimelichukua neno lako.

Jumamosi sikwenda. Mama mkubwa alikwenda yeye na mjomba wangu mwingine. Aliwaambia wazee, "Mimi sikuja kurudisha mtu. Nimekuja kuwaambia mtoto wetu yuko kwangu na vyombo vyake vya kazi tunavidai." Amenisimulia kwamba mwenzangu alilia pale, watu wakamhurumia sana. Mama mkubwa alimwacha amalize kulia, akauliza mashine ya ovaloki iko wapi. Kimya. Kumbe ameshaihamishia dukani kwake. Katibu wa kikundi ameniahidi nakala za mkopo wiki hii, na nimeshaonana na msaidizi wa kisheria hapa hapa Kahama, mama mmoja mtaratibu sana, hakuniuliza kama nimepigwa.

Nimepiga ile *106#. Laini anayotumia yeye kwa biashara iko kwenye jina langu, niliisajili kwa alama zangu za vidole zamani, kitambulisho chake kilipokuwa hakijatoka. Nashughulikia.

Daftari nimeanza. Kurasa za mwanzo ziliniumiza, nikaacha, nikarudi. Mambo ambayo nilikuwa nimeyapa jina la "ugomvi wa kawaida", nikiyaandika na alichosema neno kwa neno, hayafanani na kawaida.

Hamu bado ipo. Jana ilikuja nikiwa napinda gauni la mteja wa kwanza niliyempata huku. Nililia, nikaendelea kushona, gauni limetoka vizuri na amelipa. Mwingine ataniletea sare za kwaya.

Ninalouliza sasa: anataka kuongea na mtoto kila jioni kwa simu. Mtoto mara anataka, mara anajificha nyuma ya mlango. Sitaki kumnyima baba yake. Lakini akishaongea naye anaomba "nipe mama", na mtoto ananiangalia kama zamani, akisubiri kubeba ujumbe. Nifanyeje?

---

nesi_dodoma

Mtoto asibebe ujumbe hata mmoja, hilo liwe mpaka wa kwanza. Simu iwe ya mama mkubwa, kwa saa maalumu iliyopangwa, siku chache kwa wiki na si kila jioni. Mama mkubwa akae naye, ikifika "nipe mama" yeye ndiye ajibu na kukata. Siku mtoto akijificha, asilazimishwe, na asiulizwe kwa nini mbele ya simu.

---

wakili_kijana

Naongeza: peleka mpango huo kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, uandikwe, baba aitwe asaini. Ukiwa na karatasi hiyo hakuna atakayesema umemficha mtoto. Na kuhusu ovaloki, mwambie msaidizi wako wa kisheria amwandikie barua sasa hivi kabla haijauzwa, akiambatanisha nakala za mkopo.

---

mama_wawili_iringa

Sare za kwaya, mdogo wangu! Ni ngapi? Nina mifano ya mikato ya kola za kwaya nimeitunza tangu nikiwa fundi Mafinga, nitakupigia picha usiku nikuwekee hapa.